Kitanda cha Mkongo

Wanawake walikuwa nyuma ya pazia, wanaume mbele, na Mikdad alikuwa mbele ya wanaume wote kwa ajili ya sauti yake. Sauti hiyo ndiyo iliyomlisha. Alikuwa mnadi samaki pale soko la Bagamoyo, na asubuhi akimnadi nguru, hata mtu aliyekuwa kituo cha mabasi alijua bei imefika wapi. Lakini ikifika siku ya maulidi sauti hiyohiyo ililainika kama tui, ikawaliza bibi vizee. Siku hiyo ilikuwa maulidi ya akika mtaani kwao, na mkewe, Ashatu, alikuwa amejipenyeza hadi kwenye upenyo wa pazia ili amwone vizuri. Walikwisha kuwa na mtoto, wakagombana na kupatana mara zisizo na hesabu, na bado alipenda kumtazama mumewe akisoma.

Ukafika wakati wa kusimama. Watu wote wakainuka. Mikdad naye akainuka, mikono kifuani, macho ameyafumba, akaanza kumsalia Mtume. Ndipo Ashatu akaona.

Nyuma ya kanzu nyeupe, pale hasa mtu anapokalia, palikuwa na doa la manjano. Doa lenyewe halikuwa la kuulizana. Lilikuwa pana kama sahani ya pilau, na kutoka hapo michirizi miwili imeteremka mpaka karibu na visigino.

"Yarabi toba," alinong'ona Mwaija, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, aliyekuwa amechungulia juu ya bega la Ashatu. "Shoga, mumeo kala nini?"

Ashatu aliendelea kulitazama doa. Rangi ile aliijua tangu utotoni. Ilikuwa rangi ya mkongo uliolowa.

Baba yake, marehemu fundi Mbaruku, alikuwa seremala, na katika miti yote hakuna aliouheshimu kama mkongo. Alikuwa akisema mchwa hupiga hodi kwenye mkongo, akajibiwa vibaya, akaenda zake. Haupindi kwa jua wala hauvimbi kwa mvua. Aibu yake ni moja tu: ukipata maji hutoa jasho la manjano, na jasho hilo likigusa nguo nyeupe, nguo hiyo imekwisha. "Mkongo ulalie, ukalie, lakini usiuanikie nguo," alimwambia Ashatu siku aliyomkabidhi kitanda chake cha harusi.

Na jana yake nani aliyeinyunyizia kanzu maji, akaipiga pasi, akaitandaza juu ya ubao wa miguuni mwa kitanda ipate hewa? Ashatu. Nani aliyesikia usiku masika yakidondoka kutoka kwenye bati lenye tundu juu ya miguu yao, ti, ti, ti, akajigeuza upande wa pili? Ashatu huyohuyo. Asubuhi Mikdad alikurupuka, akaivaa kanzu kwa haraka, na hakuna mtu anayejiona mgongoni.

Maulidi yakaendelea. Mzee mmoja alivua shali lake, akamfunga Mikdad kiunoni polepole kama anayemtunza. Mikdad akadhani ni heshima, akaongeza sauti. Ilipokuja chakula, wengine waliletewa pilau, yeye akaletewa uji wa mchele na ndimu. Alipouliza, akaambiwa, "Kula tu, kaka, Mungu ndiye mponyaji." Njiani kurudi kila aliyekutana naye alimpa pole. Aliipokea, akidhani wanamhurumia koo lake.

Ashatu alitangulia nyumbani kwa njia ya mkato. Alipanga maneno. Angemkalisha, angempa maji ya kunywa, angemwambia: baba Lulu, kosa ni langu, nicheke au nigombeze, yote sawa. Lulu, binti yao, alikuwa Kiwangwa kwa bibi yake kwa likizo, kwa hiyo nyumba ilikuwa tupu na aibu isingekuwa na shahidi. Alikwisha kuyamimina maji kwenye glasi pale alipomsikia mumewe ameingia chumbani kuvua kanzu.

Halafu ikatoka sauti ile ya sokoni.

"Ashatuuu! Hiki nini?"

Alikuwa amesimama na msuli, kanzu ameishika mbele yake kama mtu aliyemkamata mwizi. Kisha akatazama kitanda. Ule ubao wa miguuni ulikuwa bado na majimaji, ya manjano. Akapeleka kidole, akakitazama kidole.

"Kumbe ni hili! Limti hili! Watu wamenilisha uji! Nimesimama mbele ya umma mzima, kumbe..." Hakuweza kumaliza. "Alaaniwe aliyelichonga!"

Akaupiga teke mguu wa kitanda.

Mti mwingine ungetikisika kidogo, kwa adabu tu. Mkongo haukutikisika. Kilicholia ni kidole gumba cha Mikdad, na baada yake Mikdad mwenyewe.

Ashatu aliitua glasi. Maneno yote aliyoyapanga yalikwisha kumtoka.

"Umemlaani baba yangu."

"Nimelaani kitanda! Ahh! Mguu wangu!"

"Umesema aliyelichonga. Kitanda hiki kilichongwa na nani, na malaika? Baba yangu yumo kaburini, hana wa kumsemea. Basi mimi nakwenda kwetu Kiwangwa, na kitanda changu nakichukua."

"Kichukue! Kichukue na misumari yake!"

"Hakina misumari," alisema Ashatu, akatoka kwenda kumpigia simu kaka yake.

Ni kweli, hakikuwa na hata mmoja. Fundi Mbaruku hakuamini misumari, alisema msumari ukiingia kwenye mkongo hupinda kama shahidi wa uongo. Mti wenyewe uliangushwa na upepo shambani kwake Kiwangwa, akaupasua mbao, akazikausha chini ya paa miaka hata watu wakadhani amezisahau. Binti yake alipochumbiwa, alizileta mbao zile Bagamoyo kipande kipande, akaingia nazo chumbani, akafunga mlango. Aliunganisha kitanda humohumo ndani. Ncha za mbao alizichonga kama ndimi, akaziingiza katika matundu ya miguu, akazikaza kwa vigingi vya mkongo uleule. Alipomaliza alichonga na fremu ya mlango, kwa mbao zilizobaki, iwe zawadi kwa mkwe.

Sasa aliyerithi vifaa vyake alikuwa mwanawe, Bwanausi, kaka wa Ashatu, mwenye karakana palepale Bagamoyo, mtaa wa Magomeni. Bwanausi alikuwa fundi hodari wa makabati ya jikoni. Alifanya kazi na mbao za paini na zile za kubandika, zinazoingia msumari kama ndizi mbivu, na mkongo hakuwa ameugusa tangu baba yao afariki.

"Kufungua kitanda?" alisema kwenye simu. "Dada, hiyo ni kazi ya kunywa chai. Mwambie mwenye kirikuu awashe gari kabisa."

Alifika na mfuko wa vifaa, nyuma yake kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, kilichokuwa bado kinanuka mananasi. Akamkuta shemeji yake amekaa katikati ya kitanda, mguu ameutumbukiza kwenye beseni la maji ya chumvi.

"Shemeji, salama?"

"Salama. Lakini mimi sitoki. Kitanda ni chake, chumba ni changu. Akiondoa kitanda, ataniacha hewani."

"Mpishe fundi afanye kazi," alisema Ashatu, akizungumza na ukuta.

Bwanausi akaanza na nyundo. Alikigonga kigingi cha kwanza taratibu, kisha kwa nguvu, kisha kwa hasira. Nyundo ilikuwa ikirudi juu kama imekanyaga mpira, na kigingi hakikusogea hata upana wa unywele. Akachukua keekee ya umeme. Ilizunguka ikapiga mluzi, ukatoka moshi, ncha ikakatika na kuruka hadi ndani ya beseni, ikalia chwii karibu na kidole cha Mikdad.

"Unataka kuniua?"

"Samahani, shemeji. Mzee alikaza huyu!" Bwanausi akafuta jasho. "Labda tuukate ulimi mmoja kwa msumeno. Nitaufunga tena kwa skrubu, hutaona."

"Utakata kazi ya baba?" aliuliza Ashatu.

"Kidogo tu."

Alikata kidogo tu. Kwani msumeno ulikwaruza, ukalalama, na meno yake yakaanza kulala chali moja baada ya jingine. Kilichopatikana ni vumbi jekundu, laini kama pilipili, na lilifanya kazi kama pilipili. Bwanausi akapiga chafya. Ashatu akapiga chafya. Mwaija, aliyekuwa dirishani kwa sababu zake mwenyewe, akapiga chafya nne za kike. Mikdad alijizuia sana, macho yakamtoka, na ilipotoka yake, kuku wa nyumba ya tatu waliruka ukuta.

Wakati huo uwanja ulikwisha kujaa. Waliotoka kwenye akika walikuja kumjulia hali mgonjwa wa tumbo, wakakuta kitanda kinahama, wakaona heri wangoje. Bwanausi alitoka nje, akawaomba wanaume washike.

"Tutakitoa kizimakizima," alitangaza. "Tunakilaza ubavu, tunaingiza miguu kwanza, tunazungusha."

Mikdad akahamishiwa kwenye kigoda cha mbuzi ya kukunia nazi pembeni ya chumba, beseni lake mbele yake. Wanaume wakakizunguka kitanda, wakasema bismillahi, wakainua. Hakikuinuka. Wakatazamana. Mmoja akauliza kama kimefungwa chini. Wakasema bismillahi kwa mara ya pili, sasa kwa dhati, kikaachana na sakafu. Wakakilaza ubavu, wakakielekeza mlangoni, wakatoka wote nje ili wavute. Ashatu alibaki nyuma yake, ndani, ameweka kanga kwenye ubao wa kichwani ili yale maua aliyochonga baba yake yasikwaruzwe.

"Vuta!" alipiga kelele Bwanausi, ambaye sasa alikuwa nje. "Zungusha! Vuta tena! Tena!"

Kikatoka nusu, kikalia krii, kikasimama.

Wakavuta, hakikuja. Wakasukuma, hakikurudi. Mguu mmoja ulikuwa umejikita nyuma ya fremu, ubao wa ubavuni umekaza juu ya kizingiti, na fremu ingekuwa ya mbao nyingine ingepasuka ikawaachia njia. Lakini ilikuwa zawadi ya fundi Mbaruku. Mkongo ulikuwa umekamatana na mkongo, na hapakuwa na wa kumwonea haya mwenziwe.

Adhana ya magharibi ikalia.

"Tutaswali, kisha tutatafuta jeki," ilisema sauti ya Bwanausi kutoka ng'ambo. Nyayo zikaondoka.

Ashatu aligeuka. Dirisha lilikuwa na nondo. Mlango ulizibwa na kitanda. Na katika kona, juu ya kigoda cha mbuzi, alikuwa amekaa mume ambaye yeye alikuwa anamkimbia.

Walikaa hivyo, kila mmoja akitazama upande wake. Pale kilipokuwa kitanda palibaki mraba wa sakafu safi, na ndani yake pete ya Ashatu iliyopotea siku nyingi, ndala moja ya Lulu, na njugu. Mikdad aliikokota pete kwa fimbo ya chandarua, akaisukuma kuelekea kwa mkewe bila kumtazama.

"Ahsante," alisema Ashatu.

"Si kitu."

Ashatu akaivaa pete.

"Kidole kinauma?"

"Kinauma."

Ashatu akachutama, akautoa mguu kwenye beseni. Kidole kilikuwa kimevimba kama bilinganya, na rangi ilikuwa ya bilinganya. Akararua upindo wa leso, akaanza kukifunga. Kukifunga kidole cha mtu huku umemkasirikia ni kazi ngumu, kwa sababu lazima ukishike taratibu.

"Unajua kilichoniuma ni nini?" Mikdad alisema, kwa sauti ndogo ambayo Ashatu hakuizoea. "Si doa. Ni ule uji. Mzee wa watu kanikalia mbele, ananipulizia uji, anasema 'kunywa mwanangu', mimi nanukiwa na pilau la wenzangu. Nikajiona nimekuwa mtoto."

Ashatu aliuma midomo. Alijitahidi. Aliinamisha kichwa karibu na kile kidole, mabega yakaanza kutikisika, na Mikdad akadhani analia.

"Basi, mama Lulu, usilie. Nimekosa. Marehemu nilimpenda, wewe unajua. Ulimi tu."

"Silii," alisema Ashatu, akakiinua kichwa, na kicheko kikamtoka chote. Alicheka hadi akakaa sakafuni. Kisha alijifuta macho na kusema kwa haraka, kama anayemeza dawa chungu: "Kanzu niliitandaza mimi pale. Baba aliniambia mkongo ukilowa unatoa rangi. Nilijua, nikasahau. Nilitaka kukwambia, maji nilikwisha kuyamimina, wewe ukamtaja baba, nikapata hasira, na ile hasira ikanifaa, maana nikiwa na hasira sikuwa na kosa."

Ashatu alingoja sauti ya sokoni.

"Kwa hiyo," alisema mumewe polepole, "nimelaani seremala bure, nimevunja kidole bure, na mhalifu ndiye anayenifunga leso?"

"Ndiye."

"Ifunge vizuri, basi."

Hapo Mwaija akatokea dirishani na sahani ya ugali na kisamvu, akaipitisha kwa taabu kati ya nondo.

"Mle, jamani. Na wewe shemeji," aliongeza kwa huruma, "nimekuchemshia na majani ya mpera. Yanafunga tumbo."

Mikdad akasimama kwa mguu mmoja. Akazishika nondo kwa mikono miwili, akavuta pumzi, akainadi habari yake kama nguru mkubwa:

"Enyi watu wa mtaa! Tumbo langu zima! Ile rangi ni ya mkongo! Kitanda kimelowa, kikaitia kanzu rangi! Na marehemu fundi Mbaruku namwomba radhi, kazi yake haina mfano, nimeishindwa kwa mkono na kwa mguu!"

Waliotoka msikitini wakasimama njiani.

"Sawa, baba," alijibu Mwaija. "Tumesikia. Lakini majani ya mpera kunywa tu."

Aliyemwokoa ni Bwanausi. Alirudi na jeki ya kirikuu, akasikia ubishi, akachovya kitambaa cheupe kwenye ndoo, akakisugua kwa nguvu pale kwenye kidonda alichokikata kwa msumeno. Akakiinua juu chini ya taa. Manjano! Watu wakasema ahaa. Mwingine akataka kujaribu na kofia yake, wakamzuia. Yule mzee wa shali alikaribia, akalitazama shali lake lililokuwa limetundikwa kambani, akauliza kwa upole kama rangi hiyo inatoka. Bwanausi akamwambia haitoki.

Jeki ikawekwa kati ya kitanda na fremu. Wakaipiga. Kitanda hakikupasuka, na fremu haikupasuka. Kilichosalimu amri ni ukuta. Tofali zikalegea, udongo ukamwagika, na fremu nzima ikang'oka mahali pake na kutoka nje na kitanda, kitanda kimeivaa kama pete. Wanaume waliokuwa wakivuta walianguka kwa safu hadi mguuni mwa mwembe. Fremu ikaponyoka pembeni, na kitanda kikatua katikati ya ua kwa miguu yake minne, bila mchubuko mpya.

Ashatu akatoka kwenye tundu la ukuta, amepakaa vumbi, akimshika mumewe mkono. Alikizunguka kitanda, akapapasa yale maua, akaridhika.

"Haya, kaka zangu," alisema. "Mungu awalipe. Sasa kirudisheni ndani."

Kila mtu alikumbuka kwamba alikuwa na shughuli. Mwenye kirikuu alikuwa wa kwanza kupata viatu vyake. Bwanausi alijaribu kunyata, lakini dada yake alimshika mfuko wa vifaa.

Wakafunga turubai lililotoka kwenye akika, kutoka kambani hadi mwembeni, wakatundika chandarua, na Mikdad na mkewe wakalala uani kama watu waliohamishwa na mafuriko.

Asubuhi, chai ikiwa jikoni, bajaji ilisimama nje. Akashuka Bi Mwanahija, mama yake Ashatu, kutoka Kiwangwa, na Lulu amemshika baibui, na mananasi kwenye kapu. Mtu alikuwa amemtumia video.

"Shikamoo, mama," alisema Mikdad, akitafuta pa kuuficha mguu.

"Marahaba. Nimefagia chumba. Nimehamisha mahindi yote nipate pa kuweka kitanda. Kiko wapi?"

Ashatu akamwonyesha kwa kidevu. Akataka kueleza, kwamba wamepatana, kwamba haendi popote, kwamba mahindi yarudi mahali pake, lakini mama yake hakuwa akisikiliza. Alikwisha kukiendea kitanda. Alipitisha kiganja juu ya ubao wa kichwani, akakuta mahali fulani ambapo patasi iliteleza kidogo, akapagusa kwa kidole, akatabasamu peke yake. Kisha akavua viatu, akapanda, akajinyoosha.

Mikdad akageuza uso ukutani kwa haya. Mama mkwe juu ya kitanda cha mkwewe! Mwaija dirishani kwake akajifunika mdomo.

"Mama," alinong'ona Ashatu, "watu wanatazama."

"Kikiwa chumbani ni chenu," alisema Bi Mwanahija, macho amefumba. "Kikiwa uani ni cha Mbaruku. Safari imenichosha."

Akalala. Alilala asubuhi nzima, na hakuna aliyethubutu kumwamsha. Mikdad alipopigiwa simu kutoka sokoni alijibu kwa kunong'ona, wenzake wakadhani amekwisha kabisa, wakaanza kuulizana nani atanadi. Lulu alikuwa amejilaza miguuni mwa bibi yake, anamenya njugu.

Adhuhuri alikuja Bwanausi na fundi mwashi. Walikuwa wamekubaliana usiku kwamba, kwa kuwa hakuna tena wa kukiinua, njia ni moja tu: kitanda kibaki palepale, chumba kijengwe kukizunguka. Bwanausi akatoa kamba na vijiti, akaanza kupima kwa kunyata, kutoka kona moja ya kitanda kwenda nyingine, akipita mbali na uso wa mama yake. Alipofika upande utakaokuwa na mlango, alikita kijiti cha kwanza, akapiga hatua, akainama kukita cha pili.

"Mlango uwe mpana," alisema Bi Mwanahija, bila kufumbua macho.

Bwanausi akaongeza kamba.